Marehemu Alitia Sahihi Alhamisi

"Padri, ngoja kwanza! Unamwombea Ljubisav yupi? Yule tuliyemzika mwezi wa Mei, au yule aliyetia sahihi juzi Alhamisi?"

Kwa maneno hayo bibi Perunika alitukata pumzi mwishoni mwa sehemu ya wiki iliyopita ya kisa hiki gazetini. Tangu siku ile watu wananisimamisha njiani kuniuliza kama alipigwa, kama alitolewa nje. Hakutolewa. Bado amesimama palepale katikati ya ukumbi wa zimamoto wa Drenjak, miaka themanini na moja juu ya mkongojo, na mkononi ameshika karatasi aliyoibandua kwenye ubao wa mlangoni.

Padri Vitomir alifunga kitabu chake akaacha kidole ndani ili asipoteze ukurasa. Alikuwa amefika jina la kumi na nne la marehemu wa mwaka. Mbele yake mshumaa unawaka, mkate wa sikukuu haujakatwa, na watu mia mbili wameshika bilauri za rakija, pombe kali ya matunda, wakisubiri ruhusa ya kunywa.

Siku hiyo Chama cha Kizingiti kilikuwa kinaadhimisha mtakatifu wake, Dimitri, hadharani kwa mara ya kwanza. Miaka miwili nyuma chama kizima kilienea kwenye meza moja nyuma ya duka la mbolea. Sasa watu wamejaa mpaka madirishani, na aliyekosa kiti anajiona amekosa bahati.

"Mama, kaa chini," alisema Stamena.

Sauti ilimtoka nyembamba, hata mwenyewe hakuitambua. Stamena ni mjane wa huyo Ljubisav, na ni msajili wa vizazi na vifo wa mji wetu. Alikuwa ameketi meza kuu, kushoto kwa mwenyekiti, mahali ambapo kila mtu angeweza kumwona anavyobadilika rangi.

"Sikai," alijibu mkwewe. "Nimeuliza swali. Mkate unaweza kusubiri."

"Bibi kawaka leo!" mtu mmoja alinong'ona karibu na mlango, na wenzake wakacheka kwa pua.

Perunika aliinua karatasi. "Nimekuja asubuhi kubandika tangazo la miezi sita tangu afe mwanangu, kama watu wote wanavyobandikia watu wao. Nimeleta gundi yangu na picha yake. Nafika ubaoni, nakuta amenitangulia! Namba mia moja themanini na saba. Ljubisav Tanasić, mfanyakazi wa reli, anaunga mkono Chama cha Kizingiti. Juu wameandika kwa herufi kubwa: HAWA NDIO WATU WETU."

Ndivyo ilivyokuwa. Chama kilikuwa kimepata sahihi mia tatu za kukiingiza kwenye uchaguzi, na kwa kiburi kikabandika majina yote kwenye ubao wa ukumbi. Kwetu ubao huohuo ndio wa matangazo ya vifo. Hakuna aliyekumbuka hilo. Kwa hiyo tangu asubuhi Ljubisav alikuwa ubaoni mara mbili, kushoto marehemu na kulia mwanachama.

"Shemeji," Gvozden alimwambia Stamena bila kusogeza midomo, huku akiutabasamia ukumbi. "Mnyamazishe mkweo."

Gvozden ndiye mwenyekiti. Ana kiwanda cha mbao, ana kifua kipana, na ana sauti ambayo ukiisikia redioni unaacha ulichokuwa unafanya. Zaidi ya hayo, ndiye aliyesimamia ndoa ya Stamena na Ljubisav, na ndiye baba wa ubatizo wa binti yao, Kosara. Kwetu unaweza kugombana na ndugu yako wa tumbo moja na mji usijali. Msimamizi wako humkatalii kitu. Hajawahi kuzaliwa mtu wa Drenjak aliyemwambia msimamizi wake hapana na akasalimiwa sokoni.

"Uliniambia majina ni ya kuombewa," Stamena alinong'ona.

"Si yanaombewa? Husikii padri?"

Stamena aliinamisha macho kwenye sahani. Jumanne Gvozden alikuja ofisini kwake na boksi la keki, akaketi, akamtaka majina ya waliokufa mwaka ule ili yasomwe kwenye sikukuu. Halafu, akiwa ameshafika mlangoni, akageuka. "Na namba za vitambulisho, shemeji. Tusichanganye watu."

Mungu anahitaji namba ya kitambulisho ya nini? Stamena alijiuliza hivyo palepale, na jibu alilijua palepale. Akachukua kalamu akaandika.

Na Alhamisi zikaja fomu mia tatu, mara moja, kwenye mfuko wa nailoni. Sheria inataka kila mtu afike mwenyewe, atie sahihi mbele ya msajili, ndipo msajili agonge muhuri. Stamena aligonga zote kabla kahawa yake haijapoa. Alijizoeza kutazama kona ya chini tu, pale muhuri unapokaa.

Mambo yangeishia hapo kama Gvozden angekuwa mtu wa kuona haya. Angeomba radhi, angesema karani amekosea, jina lingefutwa. Badala yake alichukua kipaza sauti.

"Ndugu zangu!" alinguruma. "Vyama vya Belgrade vinatafuta wafuasi kwa tochi mchana. Sisi je? Sisi hata waliotangulia mbele ya haki wanataka kutia sahihi! Ardhi yenyewe ya Serbia iko na Kizingiti! Sasa niambieni, nani atatuweza?"

Nilidhani watu watazomea.

Wakalipuka kwa makofi.

Watu walicheka mpaka machozi. Bilauri ziligongana. "Bado hujapiga kura wewe, na marehemu kakuwahi!" mmoja alimtania mwenzake, akampiga mgongoni. Mpiga akodioni, kwa kukosa akili, akaanza wimbo. Nisijifanye mtakatifu: na mimi nilipiga makofi. Sijui kwa nini. Nilipiga kwa sababu wa kushoto alipiga na wa kulia alipiga.

Stamena aliusikia mlio wa makofi karibu sana na masikio yake, akatazama chini, akaiona mikono yake mwenyewe inapiga.

Aliisimamisha, lakini alichelewa. Perunika alikuwa anamtazama.

"Hata wewe?" alisema bibi. Hakupaza sauti, ila ukumbi ulikuwa umeanza kutulia na kila mtu alisikia. "Alipokuwa hospitali, huyu mwenyekiti wako alimletea kadi ya chama atie sahihi. Ulikuwepo. Mwanangu alifanya nini?"

Stamena alisogeza sahani yake.

"Alifanya nini, Stamena?"

"Aligeukia ukutani, Mama."

"Aligeukia ukutani. Alikuwa hawezi hata kushika kijiko, lakini nguvu za kugeuka alizipata."

Aibu ina joto lake. Stamena aliisikia ikipanda kutoka shingoni mpaka kwenye mizizi ya nywele. Ljubisav na Gvozden walikuwa marafiki tangu jeshini, mpaka ile siku vijana wa Kizingiti walipovunja madirisha ya mkutubi wa mji kwa sababu ya mchezo wa kuigiza ambao hawakuupenda. Tangu hapo Ljubisav akawa anasema mezani, "Siku mkisikia nimeingia Kizingiti, niitieni daktari."

"Basi, Mama, imetosha," Gvozden alisema, sasa kwa upole wa asali. "Nilibeba jeneza la mwanao kwa bega hili. Ningemkosea heshima mimi? Njoo ukae karibu nami, ule nyama kidogo."

Hapo ndipo kiti kilipokwaruza sakafu kwenye meza ya mwisho.

Aliyesimama alikuwa mzee mwembamba mwenye miwani, leso bado imening'inia shingoni, na kipande cha kabichi iliyojazwa nyama kwenye uma. Zarije! Mwenyekiti wa tume ya uchaguzi ya mji!

"Nani kamwalika huyu?" mtu wa kiwanda cha mbao aliuliza kwa hasira.

Hakualikwa, na hapo ndipo Kizingiti kilipojifunga chenyewe. Siku ya mtakatifu hakuna anayealikwa popote Serbia. Anayekumbuka anakuja, na anayekuja hafukuzwi, hata awe adui. Chama kinachojinadi kwa kulinda mila kitawezaje kumtoa mgeni wa sikukuu? Zarije alikula, akanywa, na sasa alifuta mdomo taratibu.

"Mimi nilikuja kwa ajili ya kabichi," alisema. "Lakini kwa kuwa nimesikia, siwezi kusema sikusikia. Bibi Stamena, nitakuuliza jambo moja, na nitaliandika."

"Leo ni sikukuu!" Gvozden alifoka.

"Na mimi ni mgeni. Mgeni anaruhusiwa kuuliza." Zarije alitoa kalamu mfukoni. "Mimi makaburi siyajui. Nazijua karatasi. Nina karatasi mbili zenye jina la Ljubisav Tanasić. Moja inasema alikufa tarehe nane Mei. Nyingine inasema Alhamisi hii alifika ofisini kwako kwa miguu yake akatia sahihi mbele yako. Zote zina muhuri wako. Mtu hawezi kufanya yote mawili. Niambie, ipi ya uongo?"

Mpiga akodioni alikishusha chombo chake, nacho kikatoa mlio mrefu kama wa mbuzi. Hakuna aliyecheka safari hii.

Gvozden aliinama, akaweka mkono begani mwa Stamena. Kwa mbali ungedhani anamfariji.

"Sikiliza, shemeji," alimwambia sikioni. "Ukisema fomu ni ya uongo, atazihoji zote mia tatu. Chama kimekufa. Mimi nitatoka, nina mawakili. Wewe ndiye uliyegonga muhuri. Miaka mitatu ndani. Ukisema cheti cha kifo kina kosa, basi ni kosa la ofisi tu. Unalisahihisha Jumatatu kwa fomu ya ukurasa mmoja. Nani atakufunga kwa kosa la ofisi?"

"Watu wote walikuwa mazishini, Gvozden."

"Watu wote wanakula nyama yangu." Akambana bega. "Na Kosara? Mkataba wake wa kazi ya chekechea unaisha mwaka mpya. Nani anapanga majina pale? Nilimshika mtoto yule juu ya maji ya ubatizo. Usinilazimishe."

Kosara! Stamena alimtafuta kwa macho. Binti alikuwa amesimama ukutani na sinia la bilauri, maana vijana wote wanaofanya kazi chekechea walikuwa wameambiwa waje kuhudumia. Ukimtoa bibi yake, yeye peke yake ukumbi mzima hakuwa amepiga makofi, na si kwa sababu ya sinia.

Stamena aliishika sababu hiyo kwa mikono miwili. Nafanya kwa ajili yake, alijiambia. Mama yeyote angefanya. Watu watanielewa.

Kosara akaweka sinia chini. Akaja moja kwa moja mpaka meza kuu, akasimama mbele ya mama yake, meza katikati yao.

"Mama, sema kweli."

"Wewe hujui, mwanangu..."

"Najua. Ameshaniambia jikoni kuhusu mkataba. Nimemwambia auweke mfukoni. Kuna jirani yetu aliyehamia Linz, nje ya nchi, anatafuta mtu wa kukaa na wazee, nitaenda. Usinisingizie mimi, Mama. Sema tu."

Gvozden alicheka kidogo. "Mtoto wa baba yake huyu!"

Wasomaji wangu, kuna saa mtu anavuliwa kisingizio chake cha mwisho mbele ya watu, na anabaki na yeye mwenyewe. Stamena alibaki hivyo. Binti alikuwa amefungua mlango, kazi ilikuwa kupita tu. Mkwewe anasubiri. Zarije kalamu iko hewani. Maneno yalikuwa machache tu: fomu ni ya uongo, nimeigonga mimi.

Kisha akaliona gereza. Hakuliona kama wengine wanavyoliona, kuta na vyuma. Aliiona siku atakayopelekwa, gari likipita polepole sokoni, na wanawake wanaouza kabichi wakisimama kumtazama.

Na kitu kingine, kibaya zaidi, ambacho hajamwambia mtu. Alhamisi ile, katika zile fomu mia tatu, kuna moja ambayo hakutazama kona tu. Jina lilimvuta macho. Alilisoma lote, la kwanza na la ukoo. Aliona na sahihi iliyoghushiwa, ina mkia mrefu ambao Ljubisav hakuwa nao kamwe. Mkono ukasimama hewani kidogo. Halafu akagonga.

"Bibi Stamena?" Zarije aliuliza.

"Ile... ile ya kifo."

"Sema vizuri niandike."

"Cheti cha kifo. Kina kosa. Nitakisahihisha Jumatatu."

Kosara alifumba macho.

Sasa nitawaambia jambo ambalo sisi watu wa Drenjak hatulisemi. Ukumbini mlikuwa na watu mia mbili. Si chini ya mia na hamsini walikuwa mazishini tarehe tisa Mei. Tulimwona amelala. Tulibusu msalaba, tukatupa udongo, tukala mkate wa matanga nyumbani kwa mkewe. Angetosha mtu mmoja kusema, "Zarije, huyu mtu nilimzika mwenyewe." Padri Vitomir aliyemzika alikuwa umbali wa hatua mbili, akipangusa nta iliyodondoka kwenye kitambaa cha meza, kwa bidii kubwa, kana kwamba ndiyo kazi iliyomleta.

Hakuna aliyesema. Na mimi nilikuwepo.

"Imeandikwa," Zarije alisema. Alikuwa mweupe kama chokaa. Huenda alitegemea jibu jingine, huenda alilitaka sana. Lakini ni mtu wa karatasi, na karatasi alikuwa amepewa. "Kama marehemu yu hai, sahihi ni halali. Orodha ya Kizingiti imepita."

Kelele zilizofuata zilitikisa vioo! Watu walikumbatiana. Gvozden aliushika mkate na padri, wakauzungusha, wakaukata alama ya msalaba, wakaumwagia mvinyo mwekundu. Akodioni ikafufuka. Chama cha meza moja nyuma ya duka la mbolea kilikuwa kimeingia kwenye uchaguzi, na kwa shangwe ile hakuna aliyetia shaka kwamba kitashinda.

Perunika alisubiri mpaka wamalize. Kisha akatembea na mkongojo wake, tok, tok, tok, mpaka meza kuu. Watu walimpisha.

"Vua," alimwambia mkwewe.

"Nini, Mama?"

"Hicho kitambaa cheusi kichwani. Cheusi anavaa mjane. Wewe umesema mbele ya serikali kwamba mumeo yu hai. Vua."

"Mama, nakuomba. Nyumbani tutaongea..."

"Vua, Stamena."

Akalifungua fundo chini ya kidevu. Nywele zilizokuwa zimefichwa miezi sita zilianguka mabegani, nusu zimeshakuwa mvi, na wanaume kadhaa waligeuza uso pembeni. Hakuna mwanamke wa kwetu aliyewahi kuvuliwa msiba mbele ya watu. Stamena alitamani ardhi ipasuke, lakini ardhi ya Drenjak haikuwa na haraka naye.

Gvozden alijitia kutabasamu. "Haya, bibi umeshinda. Furahi basi! Umerudishiwa mtoto."

"Nimefurahi," Perunika alisema. "Nimefurahi sana. Budimir!"

Budimir ni mkuu wa kituo chetu cha polisi. Alikuwa amejaza mdomo nyama ya nguruwe. Alisimama hivyohivyo, sare imembana tumboni, maana bibi huyu ndiye aliyemfundisha kusoma darasa la kwanza.

"Naam, Mwalimu."

"Chukua daftari. Nataka kuripoti mtu aliyepotea."

"Mwalimu... nani?"

"Mwanangu, Ljubisav Tanasić, miaka hamsini na sita. Mkewe amethibitisha kwamba yu hai, na tume imeandika. Nyumbani hayupo. Mara ya mwisho ameonekana juzi Alhamisi, ofisini kwa mkewe. Alikuwa peke yake na mkewe. Baada ya hapo hakuna aliyemwona."

Tabasamu la Gvozden liliganda. "Budimir, usifanye ujinga. Kikongwe kimechanganyikiwa."

"Sheria inasema taarifa ya mtu kupotea haikataliwi, ndiyo au siyo?" Perunika aliuliza.

Budimir alimtazama mwenyekiti, akamtazama Zarije. Zarije, taratibu sana, akaitikia kwa kichwa.

"Ndiyo, Mwalimu. Haikataliwi."

Akafuta mikono kwenye suruali, akatoa daftari. Alikuwa na aibu kama ya sisi wote, lakini kuandika anajua, na maswali ya kwanza ya polisi anayajua kwa moyo. Akamgeukia Stamena, kichwa wazi, kitambaa cheusi kimekunjamana mkononi.

"Samahani, shemeji, ni lazima niulize. Mara ya mwisho ulipomwona mumeo, alikuwa amevaa nini?"

Siku ya mazishi Stamena alimvalisha kwa mikono yake. Suti ya kijivu waliyoichana mgongoni kwa mkasi ili imwingie, shati lililofungwa mpaka kifungo cha juu, viatu vipya ambavyo havijawahi kukanyaga barabara. Kalamu ya Budimir ilikuwa inangoja. Kosara alikuwa anangoja. Stamena akafungua mdomo.